Dira ya Nchi Isiyo na Aliyepotea

Nchi ninayoisimulia ipo, na wenyeji wake ni watu wema. Jina lake nitaliacha. Siliachi kwa hofu, bali kwa sababu huko jina la nchi hutajwa baada ya kupata kibali, na ofisi inayotoa vibali hivyo niliikuta imefungwa kwa ajili ya warsha. Msomaji akihisi kwamba amewahi kupita huko, basi na anyamaze, kama tunavyonyamaza sisi.

Nchi hiyo ilikuwa na mamlaka kwa kila jambo. Kulikuwa na Mamlaka ya Mvua, iliyotoa tamko la pongezi kila iliponyesha na tamko la masikitiko kila ilipogoma. Kulikuwa na Mamlaka ya Ukimya, ambayo hatukuwahi kusikia lolote kutoka kwake, na hivyo tuliamini inafanya kazi vizuri. Kulikuwa pia na Mamlaka ya Taifa ya Watu Waliopotea. Hii iliundwa baada ya mgeni mmoja mashuhuri kutoka ng'ambo kuuliza, katikati ya dhifa ya taifa, kwa nini kuta za stendi ya mabasi zimejaa picha za vijana. Serikali haikupenda mgeni aondoke bila jibu. Kesho yake picha zilibanduliwa, kuta zikapakwa rangi ya krimu, na Mamlaka ikazaliwa.

Ilikuwa na jengo zuri, bendera yake, wimbo wake, na bustani ambamo kila kiongozi aliyezuru alipanda mti. Dosari yake ilikuwa moja tu: haikuwahi kumpata mtu yeyote. Dosari hiyo haikumkosesha mtu usingizi mpaka walipokuja wakaguzi wa utendaji. Nao, kwa kuwa ni wataalamu, hawakuuliza habari za waliopotea.

"Dira yenu ni ipi?" waliuliza.

Mkurugenzi Mkuu, Dakta Sangiwa, alikuwa mtu mpole, msomi wa magonjwa ya mifugo, aliyeletwa pale kwa sababu nafasi ya mifugo ilikuwa imeshajazwa na mwanahistoria. Alifungua kabati, akaangalia nyuma ya pazia, akamtuma katibu wake aangalie chini. Dira haikuwepo.

Alasiri hiyo aliwakusanya watumishi wote ukumbini. Sauti yake ilitetemeka kwa uchungu wa kweli.

"Ndugu zangu," alisema, "tumekuwa tukitafuta watu bila kujua sisi wenyewe tunaelekea wapi. Huko si kutafuta. Huko ni kutangatanga! Kuanzia saa hii ninaagiza utafutaji wote usimame, mpaka hapo Mamlaka itakapokuwa na dira."

Watumishi walipiga makofi wakiwa wamesimama. Na utafutaji, ambao kwa hakika ulikuwa haujaanza, ulisimama papo hapo katika ofisi zote za mikoa. Lilikuwa agizo la kwanza la Mamlaka kutekelezwa kikamilifu.

*

Siku hiyohiyo alifika Bi. Kemilembe, mjane kutoka wilaya za migombani, akiwa na picha ya mwanawe kwenye bahasha ya kaki.

Mwanawe aliitwa Alinda. Alikuwa fundi redio, kijana wa maneno machache, ambaye kosa lake, ikiwa lilikuwa kosa, lilikuwa kuinua mkono katika mkutano wa hadhara na kuuliza kisima kilichozinduliwa kijijini kwao mwaka uliotangulia kilikuwa kimekwenda wapi. Aliuliza kwa adabu. Alitanguliza hata "samahani". Siku chache baadaye, akiwa sokoni, watu walishuka kwenye gari, wakamfungulia mlango wa nyuma, naye akaondoka nao. Kwa kuwa gari halikuwa na namba za usajili, wataalamu walieleza baadaye kwamba kisheria gari hilo halikuwepo, na kwamba mtu hawezi kuondoka ndani ya gari ambalo halikuwepo.

Yafaa nieleze desturi moja ya watu wa migombani, kwa maana bila hiyo mengine yote hayatakuwa na maana. Mtu wao akifia mbali na mwili wake usipatikane, hukatwa mgomba, ukavikwa shati lake, ukazikwa kama yeye. Baada ya hapo watu hulia, hunyoa, wakaanza upya. Lakini mgomba huo haukatwi na yeyote tu. Anayeukata sharti awe amemwona marehemu kwa macho yake akiwa marehemu; na aliyekata ndiye anayechimba kaburi. Mpaka apatikane mtu huyo, aliyeondoka huandaliwa sahani yake kila jioni, na mlango wa nyumba hautiwi komeo, asije akarudi akaukuta umefungwa, akadhani amesahauliwa.

Bi. Kemilembe, basi, hakuja kudai arudishiwe mtoto. Alikuwa mtu wa nchi hiyo na alijua mipaka ya kudai. Alikuja kuuliza jambo dogo zaidi: aufunge mlango, au aendelee kuuacha.

Mapokezi alimkuta Tunsume, Afisa wa Wadau, binti mwenye sura ya huruma ambaye bado hakuwa amepandishwa cheo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu. Una miadi?"

"Nina mtoto."

Tunsume akavuta kiti karibu. "Amepotea lini?"

"Hakupotea. Alichukuliwa."

Tunsume akageuka kuutazama mlango, kisha akashusha sauti. "Mama yangu, hapa tunashughulika na waliopotea. Waliochukuliwa si wetu."

"Ni wa nani?"

"Wa taasisi dada."

"Nielekeze kwa huyo dada, nikamuulize."

"Hana anwani, mama."

Bi. Kemilembe akafikiri kidogo. "Basi andika kwamba amepotea. Mimi sina ubishi na neno."

"Ningeandika. Ila utafutaji umesimama leo saa tisa. Tunatengeneza dira."

"Dira ndiyo nini?"

"Ni… ni pale tunapotaka kufika."

"Mimi nataka kufika nyumbani na neno moja. Yu hai, au amekufa. Likitoka hapa hata kwa kunong'onezwa, linanitosha."

Tunsume hakuwa na neno hilo. Alichokuwa nacho ni maelekezo mapya yaliyosema kwamba dira isiyoshirikisha wadau ni batili, na nafasi ya mdau ilikuwa wazi.

"Mama," alisema kwa furaha, "wewe ni mdau!"

Bi. Kemilembe akajishika shavu. "Ni ugonjwa?"

"Hapana, mama. Ni heshima."

*

Warsha ilifanyika katika hoteli iliyojengwa mlimani, mbali na mji, ili washiriki wasisumbuliwe na watu ambao dira ilikuwa inawahusu. Bi. Kemilembe alipewa mkoba, kalamu, kofia na fulana. Mezani pake palikuwa na maji ya chupa, na aliyaangalia kwa muda mrefu. Kijijini kwao, kama ujuavyo, kisima kilikuwa kimezinduliwa.

Mwezeshaji alikuwa Bw. Kitogo, mtu mchangamfu aliyekwisha kuzipatia dira taasisi nyingi, na zote zilifanana kwa ubora. Alianza kwa kuwataka washiriki wajitambulishe na kutaja matarajio yao, naye angeyaandika kwenye kadi za rangi na kuzibandika ukutani. Mkuu wa Utawala alitarajia mshikamano. Mkuu wa Tehama alitarajia mfumo. Mhasibu alitarajia warsha nyingine.

"Na wewe, mama yetu?"

Bi. Kemilembe alisimama, akavua kofia. "Mimi naitwa Kemilembe, mama yake Alinda. Matarajio yangu ni kujua kama mwanangu yu hai au amekufa."

Hata mashine ya kupoza hewa, nimeambiwa, ilipunguza mngurumo. Bw. Kitogo alichukua kadi ya njano, akatafakari, kisha akaandika kwa herufi nzuri: TAARIFA KWA WAKATI.

"Makofi ya maua kwa mama!" akasema, na washiriki wakapunga vidole hewani.

Ndipo wakaingia katika kupima nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Kuhusu nguvu, ilikubaliwa kwamba Mamlaka ina hazina kubwa ya watu waliopotea, ambayo nchi nyingi jirani hazina. Kuhusu fursa, ilielezwa kwamba idadi inapanda kila mwaka, na hivyo hakuna hofu ya kukosa kazi. Udhaifu ulikuwa uchakavu wa magari. Kuhusu vitisho, mtu mmoja wa safu ya nyuma alianza kusema "tunaogopa…" kisha akasema kwamba amesahau.

Pembeni kabisa, karibu na mlango, aliketi bwana mmoja mwenye miwani nyeusi. Kibao kilichokuwa mbele yake hakikuwa na jina. Kiliandikwa "Mwakilishi" tu. Alikuwa ametoka taasisi dada. Hakutaja matarajio, na Bw. Kitogo, ambaye alikuwa mzoefu, hakumuuliza.

Wakati wa chakula cha mchana Bi. Kemilembe aliizungusha picha ya Alinda meza kwa meza. Kila aliyeishika aliitazama kwa adabu, akasema "pole sana, mama," akampa wa pembeni yake, mpaka ikamfikia Mwakilishi. Yeye hakusema pole. Alivua miwani, akaitazama picha kwa muda ambao mtu hutumia kumtazama anayemfahamu. Kisha akailaza mezani. Aliilaza uso chini.

Bi. Kemilembe aliliona hilo. Alimwendea taratibu, akasimama kando yake.

"Baba," alimwambia, "ulimwona?"

Mwakilishi alirudisha miwani usoni. Mkono ulioshika uma ulikuwa umetulia kabisa. Ila wali ulianguka.

"Mama," alisema, "chakula kinapoa."

*

Baada ya chakula hicho kulikuwa na kazi za vikundi. Kikundi cha Bi. Kemilembe kilipewa mada ya mila, nacho kikamwomba aeleze kwa nini analihitaji neno hilo moja kiasi kile. Akawaeleza habari za mgomba na shati, habari za sahani na komeo, na habari za mkono unaokata. Alieleza kwa sauti ya chini, bila kupamba, kama mtu anayeelekeza njia. Tunsume, aliyekuwa katibu wa kikundi, aliacha kuandika akatoka nje kupenga kamasi. Bw. Kitogo yeye aliandika kwa bidii.

"Maarifa asilia!" alisema. "Haya, haya ndiyo tunayoyakosa kwenye mipango yetu!"

Kilichobaki kilikuwa maneno ya dira yenyewe, na hapo ndipo ugumu ulipo kwa taasisi zote. Rasimu ya kwanza ilisema: "Kuwa Mamlaka inayoongoza barani kwa watu waliopotea." Ilipendwa sana, mpaka Tunsume alipouliza kwa upole kama nchi jirani hazitaielewa vibaya. Rasimu ya pili ilikuwa ndefu kiasi kwamba aliyeisoma alihitaji kupumzika kwenye mkato wa tatu. Kamati iliyoundwa kuiandika ilirudi mlimani mara nyingi. Hatimaye, msimu wa mvua ukikaribia, Dakta Sangiwa mwenyewe aliamka na maneno manne, akayaandika kwenye kitambaa cha kujifutia mikono, akayasoma mbele ya kamati huku machozi yakimlengalenga:

"Taifa lisilo na aliyepotea."

Hapakuwa na mtu asiyeguswa. Ilikuwa dira fupi, nzuri, na ya kweli kama sala. Ni mkuu wa Tehama aliyeharibu hali ya hewa kwa kuuliza itafikiwaje.

"Kwa kuwapata, nadhani," alijibu Dakta Sangiwa.

Macho yote yakageukia kiti kilichokuwa karibu na mlango. Mwakilishi alikohoa tu, kikohozi kifupi, cha mtu mwenye afya.

"Au," akasema Bw. Kitogo haraka, "tuangalie upya dhana yenyewe. Aliyepotea ni nani? Ni mtu ambaye hajazikwa na wala hayupo. Hatuwezi kumfanya awepo. Hilo liko nje ya uwezo wetu. Lakini kuzikwa, waheshimiwa! Kuzikwa kuko ndani ya uwezo wetu. Na wananchi wenyewe wametuonesha njia."

Akabandika kadi ya kijani ukutani. Ilikuwa imeandikwa: MGOMBA.

*

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mkakati wa Taifa wa Mgomba. Kila kaya yenye mtu asiyeonekana ingeletewa mgomba kwa hisani ya Serikali, pamoja na fulana ya dira ya kuuvika, na maziko yangefanyika nchi nzima siku moja, ili ifikapo jioni ya siku hiyo taifa liwe limefika lilikokuwa linaelekea. Na kwa kuwa Bi. Kemilembe ndiye mdau aliyetoa wazo, iliamuliwa kwamba apewe heshima ya kuwa wa kwanza.

Ujumbe ulikwenda kijijini kwake: Dakta Sangiwa, Bw. Kitogo na Tunsume, na mbele yao Mwenyekiti wa kijiji akikimbia kuwaonesha njia. Walimkuta uani akichambua maharage pamoja na Rwiza, mdogo wake marehemu mumewe. Baada ya salamu Dakta Sangiwa alieleza kila kitu vizuri sana. Bi. Kemilembe alisikiliza mpaka mwisho.

"Mheshimiwa," akasema, "kwa hiyo amekufa?"

"Mama, sisi hatusemi hivyo."

"Yu hai?"

"Wala hatusemi hivyo. Mamlaka haina msimamo juu ya suala hilo. Mamlaka inakuletea mgomba."

Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa amechuchumaa ukingoni, akaingilia. "Bibi, nami niseme langu. Nimeambiwa kijiji chenye mtu aliyepotea kimekwamisha dira, na kijiji kilichokwamisha dira hakichimbiwi kisima. Watoto wetu wanakunywa maji ya dimbwi. Sikulazimishi. Nakuomba tu."

Rwiza naye akasema, kwa upole: "Shemeji, mtoto tulimpenda wote. Lakini unapika sahani yake kila siku, na kila asubuhi unawamwagia kuku. Unajimaliza. Mlaze apumzike, na wewe upumzike."

"Nani kamwona, Rwiza?"

"Hakuna."

"Basi nimlaze nani?"

Kuku mmoja alipita katikati ya viongozi bila hofu yoyote. Bi. Kemilembe aliyainua macho akayatuliza usoni pa Dakta Sangiwa, na sauti yake ilikuwa na heshima kamili.

"Sitaki watoto wa watu wakose maji kwa ajili yangu. Nitakuja kwenye sherehe yenu. Ila mgomba una masharti, na niliyasema kule mlimani. Ukate wewe, mheshimiwa."

"Nikate mimi?"

"Ndiyo. Mbele ya watu. Nikiona umeshika panga ukakata, nitajua umeona. Nitalia siku hiyohiyo, nitafunga mlango wangu, na sitakusumbua tena."

Dakta Sangiwa aliangalia mikono yake. Ilikuwa mikono iliyowahi kuzalisha ng'ombe wengi salama, na nafikiri kwa nukta moja alitamani kurudi zizini. Alisema kwamba suala hilo litafanyiwa kazi.

Na kweli lilifanyiwa kazi. Kamati ilikaa kwa dharura. Kila raia wa nchi hiyo aliijua maana ya kukata. Kiongozi ambaye angeonekana akikata angekuwa ametoa ushahidi. Alipendekezwa waziri, akapata safari. Alipendekezwa mchungaji, akapata homa. Ndipo Bw. Kitogo akaupata ufumbuzi ambao mpaka leo hufundishwa vyuoni: migomba isikatwe kabisa. Ing'olewe. Zabuni ikatangazwa ikidai miche mizima, isiyoguswa na kisu, pamoja na mizizi na udongo wake.

Ndani ya kamati hiyo walikuwamo wasomi wa fani nyingi, na wengi wao walikulia migombani. Wote walijua mche wenye mizizi hufanya nini ukifukiwa ardhini. Hakuna aliyesema, kwa sababu ajenda ilikuwa maziko, wala si kilimo.

*

Uzinduzi ulifana. Bendi ilipiga, makamera yalikuja, na Dakta Sangiwa alisoma hotuba ambayo ndani yake neno "dira" lilitajwa mara nyingi kuliko neno "watu". Kisha mche mchanga, ukiwa umevikwa fulana iliyoandikwa "Taifa Lisilo na Aliyepotea", ulishushwa kwenye kaburi fupi karibu na nyumba ya Bi. Kemilembe, ukafukiwa kwa koleo lenye utepe. Mtangazaji alimsogezea kipaza sauti.

"Mama, unajisikiaje mwanao kupatikana?"

"Shati lake bado ninalo ndani," Bi. Kemilembe akajibu.

Sehemu hiyo haikurushwa.

Saa kumi na mbili jioni Mkuu wa Nchi alilitangazia taifa kwamba hakuna tena aliyepotea. Mamlaka ilipata tuzo, na ngao yake ikawekwa mapokezi, juu ya kiti alichowahi kukalia Bi. Kemilembe. Kisima kilizinduliwa upya. Na yeye jioni ile alipakua ugali kwenye sahani mbili, akala kwenye moja, akauacha mlango kama ulivyokuwa.

Kisha mvua ikanyesha, na Mamlaka ya Mvua ikatoa pongezi.

Aliyeona kwanza ni Rwiza. Katikati ya kaburi, fulana ikiwa imepasuliwa kifuani, lilikuwa limechomoza jani la kijani, limejikunja kama mkeka. Habari kama hizo zikaja kutoka kila wilaya. Wale waliozikwa kwa amri walikuwa wanaota. Waliota kandoni mwa barabara, nyuma ya shule, hata mbele ya kituo cha polisi. Wazazi walianza kuyazungushia makaburi uzio ili mbuzi wasile, na jioni walionekana wameketi kando ya miche hiyo wakiongea nayo mambo ya nyumbani: nani kaoa, bei ya chumvi, redio imeharibika tena.

Mamlaka ilitoa ufafanuzi kwamba uotaji huo haukuwa sehemu ya mpango mkakati. Baada ya hapo ikatoa amri: migomba yote ikatwe mara moja.

Polisi walitumwa na mapanga mapya. Walifika, wakajipanga mbele ya miche, na hapo wakakumbuka wao ni watoto wa nani. Hakuna aliyetaka kuwa mkono unaokata. Wakubwa waliwaamuru wadogo, wadogo wakawaomba wakubwa watangulie. Waliondoka jinsi walivyokuja, na mapanga yakarudishwa bohari yakiwa bado na gundi ya kiwandani.

Ikaonekana kwamba kazi hiyo inamhitaji mtu wa taasisi dada.

*

Alikuja alasiri moja, kwa miguu, akiwa amevaa miwani yake nyeusi na panga limefungwa kwenye gazeti. Bi. Kemilembe alikuwa kibarazani. Alimtambua tangu njiani.

"Karibu, baba."

"Asante, mama. Nimetumwa."

"Najua. Ulikula siku ile?"

Mwakilishi alisogea mpaka kwenye mgomba, ambao sasa ulikuwa umemfika kifuani, akalifungua gazeti. Rwiza na majirani walitoka majumbani mwao, wakasimama mbali. Hapakuwa na kamera. Hapakuwa na yeyote ambaye angemwandikia ripoti kama angegeuka akaondoka. Na wote tuliosimulia kisa hiki baadaye tumekuwa tukijiuliza kwa nini hakugeuka.

Bi. Kemilembe alishuka kibarazani akaja kusimama upande wa pili wa mgomba.

"Unaijua desturi yetu?" akamuuliza.

"Naijua, mama. Mimi mwenyewe ni wa huku."

"Wa upande gani?"

"Ng'ambo ya mto."

"Basi sina la kukueleza."

Alivua miwani akaitia mfukoni mwa shati. Alikuwa na macho ya kawaida, yaliyochoka, ya mtu anayeweza kuwa baba wa mtoto wa shule. Alimtazama mama huyo kwa muda. Kisha akauinua mkono, akaukata mgomba kwa pigo moja.

Ulianguka taratibu, kama inavyoanguka migomba, bila kelele.

Bi. Kemilembe hakulia hapo hapo. Alisema, "Asante, baba," kwa sauti ileile ambayo angeitumia mtu akimtua mzigo kichwani, akaingia ndani, akatoka na shati la Alinda lililopigwa pasi, na jembe. Shati akauvika mgomba. Jembe akampa Mwakilishi, kwa maana aliyekata ndiye anayechimba.

Naye akachimba. Alichimba kaburi refu, la mtu mzima, mpaka jua likashuka nyuma ya mashamba na shati lake likalowa. Katikati ya kazi Bi. Kemilembe alimletea maji ndani ya kikombe cha bati, akayapokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo wanawake wa kijiji walipopaza kilio, na kilio hicho kilisikika ng'ambo ya mto, ambako watu wa huko, bila kujua nani amekufa, walivua kofia.

Walipomaliza kufukia, Mwakilishi aliondoka bila kuaga. Panga aliliacha. Taasisi dada haikuwahi kukiri kwamba alikuwa mtumishi wake, na wiki iliyofuata mkewe alionekana kwenye mapokezi ya Mamlaka, akiuliza kama kuna aliyemwona mumewe. Tunsume alimvutia kiti. Alipata taabu kumweleza kwamba, kwa mujibu wa dira, mtu kupotea hakuwezekani tena.

Jioni ya maziko, watu walipotawanyika, Bi. Kemilembe aliosha sahani mbili, akaipangusa moja akaiweka juu kabisa ya kabati. Kisha akaenda mlangoni. Komeo lilikuwa limeshika kutu kwa kutotumika, ikabidi alisukume kwa mikono yote miwili mpaka likaingia.

Amri ya kukata migomba ilifutwa kimyakimya, baada ya wakubwa kuelewa kilichotokea uani kwa mama yule. Migomba iliyobaki imekuwa mikubwa, na mikungu yake huiva ikaozea juu, kwa kuwa hakuna mkono unaothubutu kuigusa. Wageni wanaopita usiku katika nchi hiyo husifu ukarimu wa watu wake, wakishangaa kuona nyumba nyingi kiasi kile, mkoa baada ya mkoa, zimeachwa milango wazi.